Annales kwa Kiswahili: asili ya neno na tafsiri yake

Mfasiri: Ndugu wanalugha, ninatafsiri makala kuhusu Roma ya kale na nimekwama kwenye neno la Kilatini annales, yaani maandishi ya historia yanayopanga matukio mwaka kwa mwaka. Niliandika "kumbukumbu za mwaka", lakini mhariri amenirudishia akisema kwamba msomaji atadhani ni taarifa ya mwaka ya chama cha ushirika. Neno hili lina asili gani, na Kiswahili tunaliitaje?

Mpenda Kale: Linatokana na annus, yaani mwaka. Kila mwaka kuhani mkuu wa Roma aliweka nyumbani kwake ubao uliopakwa rangi nyeupe, akaandika humo mambo yaliyotokea, na watu waliruhusiwa kwenda kuusoma. Desturi hiyo ilikoma zama za kuhani Publius Mucius Scaevola, katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Cato, aliyeandika historia kwa Kilatini, hakuvutiwa nao hata kidogo: alisema hapendi kuandika yaliyomo ubaoni, kama vile mara ngapi nafaka ilipanda bei na mara ngapi mwezi au jua lilipatwa. (Kwa weupe wake ubao huo uliitwa album, na ndiyo albamu tunayowekea picha za harusi.)

Msomaji wa Pwani: Neno tunalo, ila tumelibana. "Tarehe" limetoka katika Kiarabu tarikh, ambalo ni siku ya kalenda na pia ni historia. Mwanahistoria Tabari, aliyefariki mwaka 923, aliyapanga matukio ya baada ya Hijra mwaka kwa mwaka katika kitabu kinachojulikana kwa neno hilohilo. Nasi katika Biblia ya Kiswahili tunasoma juu ya "kitabu cha tarehe za wafalme wa Israeli", wala hakuna anayedhani kuwa ni kalenda. Habari za Pate, yaani masimulizi ya kale ya watawala wa kisiwa cha Pate, singeziita annales, kwa sababu zimefuata zamu za masultani badala ya miaka.

Mfasiri: Ahsante sana. Hofu yangu ni kwamba nikiandika "tarehe za Roma", msomaji wa leo ataanza kutafuta siku na mwezi.

Msomaji wa Pwani: Basi usiliache neno peke yake. Andika "kitabu cha tarehe", na pale linapotokea mara ya kwanza uongeze "za mwaka kwa mwaka".

Mfasiri: Na ule wa kuhani, ambao haukuwa kitabu?

Mpenda Kale: Huo uite "ubao wa tarehe". Mhariri akilalamika, mwoneshe mstari wa Cato.