Kiota cha kigong'ota mdogo kwenye mialoni: nitafuteje?

Swali

Habari zenu wapenzi wa ndege. Naishi Southampton, Uingereza, na siku za mapumziko naingia msitu wa New Forest na darubini yangu. Machi nilimsikia kigong'ota mdogo mwenye madoa (lesser spotted woodpecker) mara mbili mahali pamoja, kwenye mialoni mizee kando ya kijito. Nimerudi mara tano, shingo inaniuma, tundu sijalipata. Matundu ninayaona mengi ila sijui lipi la nani. Sasa majani yamechipua. Nimechelewa? Na nitajuaje kama nawasumbua?

Jibu la 1

Pole dada, hujachelewa. Huu ni msimu wangu wa tisa kuwatafuta hawa, na ipo miaka niliyotoka mikono mitupu.

Anza na ukubwa wa tundu. Kigong'ota mkubwa mwenye madoa, aliye sawa na kwezi, tundu lake lina upana wa sentimita 5 hivi. Mdogo ni kama shomoro tu. Lake ni sentimita 3 na kitu, sarafu ya pauni 2 ingekaribia kuliziba. Ukiona tope limekandikwa kwenye mdomo wa tundu, huyo ni ndege mwingine amehamia, achana nalo. Mdomo wa kigong'ota mdogo hauna nguvu nyingi, kwa hiyo tafuta mti uliokufa au tawi lililooza, mara nyingi juu sana, upande wa chini wa tawi lililoinama. Na kila mwaka hutoboa jipya. Tundu lenye kingo nyeusi lipite.

Mwaka juzi nilisimama nusu saa nikikodolea matawi, kumbe jibu lilikuwa miguuni: vibanzi vyeupe, vidogo kama kucha za mtoto, vimetapakaa juu ya majani makavu. Nikainua macho wima. Uso ukachungulia, utosi mwekundu. Dume! Mikono ilinitetemeka hata darubini ikawa haitulii.

Wakiatamia, kama siku 11 au 12, hutasikia kitu. Lakini makinda hukaa tunduni siku 20 hivi, na kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Juni hulilia chakula. Hapo tumia masikio kuliko macho. Simama dakika kumi kila kundi la miti, usitembee.

Kuhusu kusumbua: mzazi akija na wadudu mdomoni halafu akarukaruka matawi ya jirani bila kuingia, umemkaribia mno. Rudi nyuma mara moja. Sauti za simu za kumwita usicheze kabisa, nakuomba.

Jibu la 2

Naongezea: makinda ya yule mkubwa nayo yana utosi mwekundu, wengi hudhani wamempata dume wa mdogo. Angalia mgongo: mdogo ana mistari myeupe ya kukingama, mkubwa ana bapa jeupe kila bega. Ukilipata tundu, waarifu Woodpecker Network, kikundi kinachokusanya taarifa za viota vya vigong'ota. Ndege huyu amepungua sana Uingereza, kila kiota kina maana. Mahali penyewe usipataje hapa.

Muuliza swali

Asanteni sana. Nimerudi leo. Makinda nimeyasikia, kelele mfululizo, ila tundu ni pana na mzazi ana mabega meupe: mkubwa. Ng'ambo ya kijito, kwenye mwaloni uliokauka, kuna tundu dogo chini ya tawi, kingo bado nyeupe. Nimekaa saa nzima, hakuna aliyeingia wala kutoka. Jumamosi narudi alfajiri.