Mjadala: Mfumo wa afya umelipiwa kwa kodi zetu, kwa nini msimbo wake ufichwe?

Mleta mada

Wakuu, naleta hoja hii nikitaka ipingwe kwa nguvu zote, maana naiamini. Mfumo wowote wa kompyuta unaogusa afya za watu na kulipiwa kwa kodi zao uwe programu huria, yaani msimbo wake (maelekezo yanayouendesha) uwe wazi. Yeyote awe na ruhusa ya kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuusambaza. Hizo ndizo haki nne zinazodaiwa na harakati aliyoianzisha Richard Stallman mwaka 1983. Na kazi ya kulisukuma jambo hili tusiwaachie wizara wala wauzaji. Ni kazi ya vyama vya wagonjwa, wauguzi, na watu wa kompyuta wanaoishi palepale mfumo unapotumika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tazameni Ujerumani mwaka 2020. Serikali ilikuwa imeelekea kwenye programu ya simu ya kuwatambua waliokaribiana na wagonjwa wa korona, na taarifa zote zingekusanywa kwenye seva moja kuu. Chaos Computer Club, chama cha wadukuzi wanaotetea haki za raia, kikapinga hadharani pamoja na watafiti na asasi nyingine. Kikatoa vigezo 10 ambavyo programu ya namna hiyo inapaswa kuvitimiza. Mwishoni mwa Aprili serikali ikageuza msimamo: kumbukumbu za nani alikaribiana na nani zibaki ndani ya simu ya mwenyewe. Programu ilipotoka Juni, msimbo wake ulikuwa umeshawekwa wazi, na watu wa nje walikuwa wameshaupitia na kuripoti kasoro.

Norway ilitangulia kutoa yake Aprili mwaka huohuo, msimbo ukiwa umefungwa, huku ikirekodi mahali mtu alipo. Mamlaka ya kulinda taarifa binafsi ikaigomea, ikasimamishwa Juni, na taarifa zilizokusanywa zikafutwa. Ugonjwa ni uleule na mwaka ni uleule. Anayesema uwazi unachelewesha mambo atueleze hapo Norway iliwahi nini.

Nawasilisha.

Mchangiaji, fundi wa mifumo hospitalini

Mkuu, heshima yako, ila naomba kutofautiana nawe. Hiyo programu ya Ujerumani iliishia kula zaidi ya euro milioni 100. Uwazi haukuifanya rahisi, na wala haukujileta wenyewe: kampuni kubwa zililipwa kuijenga na kuiendesha. Wanaharakati walipiga kelele, kelele zikasikika, kisha kazi ya kila siku ikafanywa na wengine.

Halafu kuna hii dhana kwamba msimbo ukiwa wazi basi umekaguliwa. Mwaka 2014 dunia iligundua kasoro iliyoitwa Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti. Kasoro hiyo ilikaa humo takriban miaka miwili. Kila mtu aliweza kuisoma na karibu hakuna aliyeisoma. Mradi uliokuwa ukitegemewa na mabenki na serikali ulitunzwa na watu wachache mno, wengine wakijitolea tu.

Na siasa je? Jiji la Munich liliamua mwaka 2003 kuhamishia kompyuta zake kwenye Linux, mfumo endeshi ulio huria, likahamisha maelfu kwa maelfu. Mwaka 2017 baraza likaamua kurudi Windows, ambayo msimbo wake umefungwa. Mimi ndiye ninayepigiwa simu usiku mfumo wa maabara ukikwama. Wanaharakati watakuwa wapi saa hiyo?

Mchangiaji mwingine, mwenye kisukari aina ya kwanza

Fundi, mimi nitakuwa macho saa hiyo. Wagonjwa kama sisi hatulali vizuri, tunaogopa sukari isishuke usingizini.

Dana Lewis wa Marekani ana ugonjwa huu. Kengele ya kifaa chake cha kupima sukari ilikuwa na sauti ndogo mno kumwamsha, na msimbo wake ulifungwa. Yeye na mwenzake wakatafuta njia ya kuzipata data zake, wakaunda kengele yenye sauti kubwa, wakaendelea hadi wakapata mfumo unaorekebisha insulini wenyewe. Mwaka 2015 wakauweka wazi mfumo huo, uitwao OpenAPS. Wagonjwa wengine na wazazi wakaunda ya kwao chini ya kaulimbiu ya kutosubiri watengenezaji wa vifaa. Mojawapo, Loop, ndiyo iliyozaa programu iliyoidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, Januari 2023. Hawa hawakupiga kelele wakaondoka. Wamekaa na jambo lao miaka.

Swali langu kwa mleta mada ni moja: ukisema wazi, na majina yetu na majibu ya vipimo vyetu je?

Mleta mada

Asante kwa swali, na naomba lisisahaulike tena katika mjadala huu. Msimbo ni maelekezo ya jinsi mfumo unavyofanya kazi. Taarifa za mgonjwa ni kitu kingine kabisa, na hizo zifungwe kwa kufuli zote zilizopo. Msimbo uwe wazi ili tuone kama kufuli zimefungwa kweli.

Fundi, Heartbleed imenishika, siikwepi. Lakini kufunga nako hakujawa kinga. Mei 2017 kirusi WannaCry kilipitia kompyuta za Windows na kuathiri angalau taasisi 81 kati ya 236 za huduma ya afya ya Uingereza, NHS. Miadi ya wagonjwa ilifutwa. Sasisho la kuziba tundu hilo lilikuwa limetolewa tangu Machi. Mahali pengi halikuwekwa. Pande zote mbili ugonjwa ni mmoja: matengenezo hayakupewa watu wala fedha.

Mchangiaji, muuguzi wa afya ya jamii

Mnabishana kuhusu msimbo, mimi nina hofu na neno "wananchi". Mwaka 2011 baraza la jiji la Calgary, Kanada, lilipiga kura kuondoa floraidi, madini ya kukinga meno yasioze, kwenye maji ya bomba, jambo ambalo wapinzani wa floraidi walikuwa wamelidai kwa miaka. Watafiti walipolinganisha na Edmonton, iliyoendelea kuiweka, wakakuta meno ya watoto wa Calgary yameoza zaidi. Wapiga kura wakaamua mwaka 2021 irudishwe, ikarudi 2025. Kuna watoto waliong'olewa meno kati ya uamuzi na uamuzi. Na chanjo sitaki hata kuanza.

Kwa hiyo siungi mkono harakati kwa kuwa tu zimetoka chini. Nauliza wamejifunza nini. Treatment Action Campaign ya Afrika Kusini, iliyoanza Desemba 1998, haikuishia kuandamana. Iliwafundisha watu wa kawaida, wengi wakiishi na VVU, jinsi virusi vinavyoshambulia mwili, dawa inafanyaje kazi, hataza (haki ya kampuni kumiliki dawa peke yake) ni nini. Ilipoipeleka serikali mahakamani ikidai nevirapine, dawa ya kumkinga mtoto asiambukizwe VVU na mama, kwa wajawazito, ilikwenda na ushahidi wa kitabibu mkononi, na Julai 2002 Mahakama ya Katiba ikaamuru vizuizi vya dawa hiyo viondolewe. Mama aliyekuwa akiambiwa "subiri wataalamu" alikuwa tayari anaijua hoja ya wataalamu na mahali walipokosea.

Nionyesheni kikundi cha programu huria kinachomfundisha muuguzi kusoma ripoti ya kasoro, nitajiunga kesho.

Fundi wa mifumo

Dada muuguzi amesema nilichoshindwa kukisema. Na kwa haki, DHIS2 ninayoitumia kila wiki kukusanyia takwimu ni programu huria. Ilianzia Afrika Kusini miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, leo inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumika katika nchi zaidi ya 70. Imedumu kwa sababu kuna watu wanaolipwa kuitunza na kufundisha wengine.

Nitaunga mkono hoja kwa sharti: dai la kufungua msimbo liende pamoja na fungu la matengenezo na mafunzo, liandikwe ndani ya mkataba. Bila hivyo napiga kura ya hapana.

Mleta mada

Sharti nalikubali, na naongeza langu: liandikwe kabla zabuni haijatangazwa, kwa sababu mkataba ukishasainiwa muuzaji hana sababu ya kukufungulia chochote. Na kwenye meza ya kuandaa zabuni awepo mgonjwa mmoja na muuguzi mmoja wenye kura, si wa kupigwa picha.

Limebaki suala moja ambalo hatujaligusa: kituo chenyewe kikibadilisha msimbo na mgonjwa akadhurika, nani atawajibika? Mimi nasema ni kituo kilichobadilisha, na kilazimishwe kuchapisha mabadiliko yake. Wanaopinga, uwanja ni wenu.