Kisu cha beringi kimetoka na mistari kama ya mbao, ni nini hii?

nyundo_moja
Wakuu habari zenu, nimefua kisu cha jikoni kwa ringi ya nje ya beringi ya lori, nimekipasha kama mara ishirini hivi, moto mwekundu wa kufifia maana niliogopa kukiunguza, nikazamisha kwenye oili, nikapiga msasa, nikakiloweka kwenye siki ya moto. Imetokea mistari myeupe imelala na urefu wa bapa. Jirani anasema nyufa, ila kucha haikwami. Sijakunja chuma wala kuunga vyuma viwili, sasa imetoka wapi?

kibiriti
Umepigwa mkuu, beringi feki hiyo. Tupa.

mzee_wa_tanuri
Kibiriti acha kumtisha mwenzio. Si umeshafyonza zile barafu za ukwaju za kwenye kifuko, utamu unaisha mapema unabaki na barafu jeupe? Maji yakiganda yanasukuma sukari pembeni. Chuma nacho hivyohivyo. Beringi nyingi zina karboni kama 1% na kromiamu kama 1.5%, kikiganda kiwandani kromiamu inajazana kwenye mapengo yanayoganda mwisho, halafu rola zinavuta hayo mapengo yanakuwa nyuzi ndefu. Karboni inatembea upesi, kromiamu ni mvivu, haihami. Kwahiyo kila ukipasha moto mdogo na kuacha kipoe, karboni inaifuata kromiamu palepale, kabaidi (chembe ngumu za karboni na metali) zinanenepa kwenye mstari. Hizo mara ishirini zako ndo zimechora hiyo kitu!

nyundo_moja
Duh. Inatoka?

mzee_wa_tanuri
Inafifia, kromiamu yenyewe utaiacha ilipo. Pasha mpaka kama nyuzi 950 za Selsiasi, shikilia dakika kadhaa kabaidi ziyeyuke, poza hewani. Rudia kwa moto mdogo kidogo maana punje za ndani ya chuma zitakuwa zimekua, kisha zamisha kwenye oili ukiwa 845 hivi.

nyundo_moja
Natumia mkaa mzee, sina kipimo

mzee_wa_tanuri
Sumaku ikiacha kushika upo karibu na 770, hiyo 950 ni rangi ya chungwa lililoiva, angalia ukiwa kivulini sio juani.

pwani_chuma
Mi ningeacha. Zile panga za Damasko za chuma cha India watu wanalipia mistari hiyohiyo, mtafiti wa metali Verhoeven na mfua visu Pendray walionyesha inaletwa na metali ya vanadiamu kiduchu tu, haifiki hata 0.01%. Cha kukatia nyanya hakina shida, ila usitengenezee shoka, linaweza kupasuka kufuata mstari.

nyundo_moja
Mama watoto ameshakichukua, anasema kina maua 😂