Stika ya kilomita 3,000 kwenye haibridi: safari hii gereji imeniwashia injini bila oili

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Jumamosi iliyopita, gereji moja hapa Dar iliacha Toyota Aqua yangu, haibridi (injini ya petroli pamoja na mota ya umeme), iwake ikiwa haina oili. Nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) ilikuwa kwenye sinia, oili yote imeshamwagika, na injini inanguruma. Nilikuwa nimesimama kivulini pembeni, nikasikia mlio nikadhani ni wa gari ya jirani. Kisha nikamwona kijana aliyekuwa chini ya gari yangu anachomoka mbio. Nilipofika mlangoni taa nyekundu ya oili inawaka. Nikabonyeza kitufe, ikazima. Ni sekunde chache, lakini kwa injini isiyo na oili kila sekunde ni chuma kinasaga chuma.

Nauliza nani kawasha, naambiwa hakuna aliyegusa kitu. Na kweli hakuna. Gari iliachwa kwenye READY (imewashwa, tayari kuondoka), AC inapuliza, kwa sababu kijana mwingine alikaa ndani kukwepa jua. Haibridi ikiwa READY, ukimya wa injini haumaanishi imezimwa. Kompresa ya AC ya Aqua inaendeshwa na umeme wa betri kubwa. Betri ikishuka, kompyuta inaiwasha injini yenyewe ili ichaji. Fundi anayepokea hela ya haibridi lazima ajue hili kabla hajashika spana: zima kabisa, dashibodi iwe giza, ufunguo ukae mbali na gari. Kumfundisha mtu hilo hakuchukui hata dakika moja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba oili ile haikuwa imefika muda wake. Ilikuwa na kilomita 2,800 tu. Nilipelekwa pale na stika waliyonibandikia wenyewe kwenye kioo: "Sevisi ijayo 3,000". Tangu nimenunua gari hii nimekuwa mtiifu kwa stika yao kama mtoto wa shule. Kila nikiuliza kwa nini 3,000, fundi mkuu ananijibu, "Bosi, hizi gari za umeme hazitaki mchezo." Kisha anachovya kijiti cha kupimia oili, ananionesha: "Ona ilivyokuwa nyeusi."

Weusi si ushahidi wa chochote! Oili nzuri ina dawa ya kusafisha, inabeba masizi ili yasigande kwenye injini, kwa hiyo inabadilika rangi mapema. Ingebaki kama asali baada ya miezi mitatu ndiyo ningeshtuka.

Basi nilikaa nikasoma. Jedwali la Toyota la Japani kwa injini za petroli zisizo na turbo, Aqua ikiwemo, linasema kilomita 15,000 au mwaka mmoja, kipi kitangulie. Kwa matumizi magumu ni nusu yake: 7,500 au miezi 6. Wamarekani kwa oili ya 0W-20 (namba ya uzito wa oili, hii ni nyepesi) wanaambiwa maili 10,000 au mwaka, ambazo ni kama kilomita 16,000, na anayeendesha kwenye vumbi anashushiwa hadi maili 5,000 au miezi 6. Nchi mbili tofauti, hesabu karibu ileile. Hiyo 3,000 ni mazoea ya enzi za kabureta na oili za zamani, sasa inabandikwa kwenye kioo cha kila gari inayoingia getini, iwe haibridi au Noah ya kubeba abiria.

Kabla hamjanirukia: sisemi twende 15,000. Kuna wadau humu wanasema injini ya haibridi inalala nusu ya safari, kwa hiyo oili idumu mara mbili. Hapana, ndugu zangu. Mimi natoka Mbezi Mwisho kwenda Posta. Foleni ya Morogoro Road asubuhi injini inawaka, inazima, inawaka tena, mara nyingi mno, na kwenye kijisafari cha dukani inazima kabla oili haijapata moto wa kutosha. Oili isipopata moto vizuri inabaki na maji na petroli vilivyopenyeza, haivitoi. Kisha njia ya kuingia kwangu ni vumbi tupu. Mwendo mdogo, silensa (injini inawaka gari imesimama) muda mrefu, safari fupi, barabara mbovu, hayo ndiyo matumizi magumu kwa maneno ya watengenezaji wenyewe. Karibu sote hapa mjini tumo. Kwa hiyo mimi ni 7,500 au miezi 6, na sibadiliki.

Sasa pigeni hesabu nami. Natembea kama kilomita 1,200 kwa mwezi, 14,400 kwa mwaka. Kwa stika yao ni karibu mara tano kwa mwaka, kila mara 75,000, hiyo ni 375,000. Kwa 7,500 ni mara mbili, na hata nikinunua sintetiki kamili pamoja na filta kwa 130,000 nalipa 260,000. Natumia oili bora na bado nabaki na laki moja na ushee. Hela hiyo nimewapa watu kwa kuogopa.

Na walikuwa wananiwekea nini? Hili nimeligundua Jumamosi hiyohiyo, nilipoona dumu. 20W-50! Mwaka mzima! Aqua hii inataka 0W-20, na 5W-30 nayo imo kwenye kitabu. 20W-50 ni nzito. Injini hii inawaka na kuzima siku nzima, inahitaji oili inayopanda juu upesi kila inapoamka, wewe unaipa uji. Nilikuwa nalalamika gari imeanza kunywa mafuta, nikaambiwa nibadilishe plagi. Nikabadilisha plagi. Kwenye risiti zao zote imeandikwa "oili" basi, hakuna namba. Nimezirudia zote tano, moja moja.

Mkifungua mlango wa dereva, wengi mtakuta stika ndogo ya Kijapani kwenye fremu. Yangu nimeielekezea kamera ya simu ikatafsiri: oili ilibadilishwa mwaka wa 2 wa Reiwa, yaani 2020, kilomita zimeandikwa, na aina ya oili imeandikwa, 0W-20. Mjapani yule alijua kilichomo ndani ya injini yake. Mimi niliyeinunua kwa hela ya mkopo sikujua.

Mwenye Toyota Prius, haibridi nyingine, ya 2010 hadi 2014, yenye ile injini ya 1.8, asichukue 7,500 yangu akalala. Hizo zinajulikana kwa kula oili. Chovya kijiti kila baada ya wiki mbili, gari ikiwa imezimwa kwenye tambarare.

Na kuna kitu hakuna gereji iliyowahi kuniambia katika sevisi zote tano: feni ya betri kubwa. Inavuta hewa kupitia tundu la pembeni ya siti ya nyuma, na vumbi letu linaiziba. Betri ikikosa hewa inachemka, na bei ya betri mnaijua. Wamenimwagia oili nzima kila baada ya miezi miwili na nusu, na tundu hilo hawajalipuliza upepo hata siku moja.

Nilimtaka mwenye gereji aandike kwenye karatasi kilichotokea. Amekataa. Amesema, "Kaka, si inawaka? Ina shida gani?" Ndiyo, inawaka. Lakini asubuhi ikiwa baridi nasikia mgongano mdogo chini, sekunde mbili tatu, kisha unapotea. Haukuwepo kabla ya Jumamosi.

Nimeshamwaga ile 20W-50, nimeweka 0W-20, lita 3.7 pamoja na filta, nimesimama pale mwanzo mwisho na ufunguo mfukoni mwangu, mbali na gari. Oili iliyotoka nimeiweka kwenye chupa nyeupe. Ukiiweka juani kuna chembe zinazometameta.

Aliyewahi kufungua sampu ya 1NZ-FXE, injini ya Aqua yangu, akaangalia beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na shafti) bila kushusha injini, aniambie inawezekana na nitegemee kulipa ngapi. Sitaki kusikia "endelea nayo tu". Na kama kuna fundi hapa Dar anayeandika namba ya oili kwenye risiti bila kuombwa, nielekezeni alipo, nitaenda hata kama ni Kigamboni.