Mrejesho: Nyumba ya Hamburg isiyo na jikoni

Shukran sana ndugu zangu. Niliuliza hapa nikiwa bado Kisauni: nitapataje samani na jikoni la nyumba ya kupanga Hamburg? Nyumbani Mombasa hawakuamini kwamba Ujerumani waweza kukabidhiwa nyumba tupu kabisa, hata sinki hakuna, mabomba tu ukutani.

Nilifuata ushauri wa dada aliyenijibu hapa kwamba nizungumze na mpangaji anayehama kabla sijanunua kitu. Aliniachia makabati, sinki na jiko la umeme kwa yuro 350, tukaandikishana. Hilo ndilo lililoniokoa hasa. Kitanda na meza nilivipata Kleinanzeigen, tovuti ya Kijerumani ya matangazo ya watu wanaouza vitu; ni vya mtumba lakini imara.

Friji ilinishinda. Mlinionya nisichukue bila kuiona ikiwaka, nikaharakisha. Wiki ya pili ikaacha kupoza na pesa hazikurudi. Nimenunua mpya.

Jambo ambalo hatukulitaja: jiko la umeme huku huungwa kwa nyaya za ukutani za volti 400, si plagi ya kawaida. Msijiungie wenyewe, mwiteni fundi umeme. Wangu alichukua yuro 80.

Jana nimepika wali wa nazi, mama akiniangalia kwa simu kutoka Kisauni. Moyo wake umetulia.