Ukoo wa Kaizari wa Ujerumani: taji walivuliwa 1918, ila madai ya mali hayakuisha!

Wakuu, heshima zenu. Nimevumilia sana ila leo lazima niseme. Kila zikitajwa koo za kifalme za Ujerumani, hawakosekani watu wa kusema "mali ni yao, waachiwe". Mali yao ipi? Tuuchukue ukoo wa Hohenzollern, ukoo wa Kaizari Wilhelm II.

Novemba 1918 Vita Kuu ya Kwanza imemshinda, huyo akakimbilia Uholanzi na kuwaacha askari wake huko huko mstarini. Halafu serikali ya jamhuri, ile ile iliyozaliwa baada ya yeye kuangushwa, ikamfungashia vyombo vya majumba yake na kumpelekea kwa treni. Mabehewa zaidi ya 50! Samani, michoro, vyombo vya fedha. Mkimbizi gani anahamishiwa jumba zima? Akakaa Doorn, huko huko Uholanzi, akikata miti kujifurahisha mpaka alipofariki 1941.

Sasa mwanawe, mrithi wa kiti cha enzi. Alijengewa kasri la Cecilienhof kule Potsdam, karibu na Berlin, ujenzi ukianza 1914 na kukamilika 1917. Itazameni hiyo miaka vizuri. Majira ya baridi ya 1916 kuingia 1917 viazi viliharibika, manowari za Uingereza zimefunga njia za baharini, watu wa Berlin wakawa wanakula tanipu ambazo zamani waliwalisha mifugo. Wakati huo huo mafundi wanapandisha vyumba 176, na juu ya paa dohani za matofali zimenakshiwa moja moja. Hela ya nani hiyo? Mtoto anakufa njaa mjini, mkuu anachaguliwa nakshi ya dohani! Hapo ndipo ninapopandwa na hasira.

Haya, 1926. Wananchi, ambao akiba zao ziliyeyuka na mfumuko wa bei wa 1923, wanaona koo nyingi zilizokuwa zikitawala, kama Hohenzollern na Wettin (ukoo wa wafalme wa Saxony), zinakwenda mahakamani kudai makasri, misitu na mashamba. Mjane aliyeikopesha serikali hela ya vita alirudishiwa sehemu ndogo mno. Mkuu anataka chote. Ikaitishwa kura ya maoni Juni 20: mali za koo hizo za kifalme zitwaliwe bila fidia. Watu karibu milioni 14.5 wakasema NDIYO, yaani zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura. Wakashindwa! Kwa nini? Kwa sababu Rais Hindenburg, jemadari mkuu wa Kaizari huyo huyo, alishikilia kwamba hilo ni badiliko la katiba, kwa hiyo lazima zaidi ya nusu ya wote wenye haki ya kupiga kura wakubali, si nusu ya waliojitokeza. Vyama vya mrengo wa kulia vikawaambia watu wao wabaki nyumbani. Kijijini, ambako mwenye shamba anajua nani ni nani, kule kuonekana tu unaingia kituoni kulitosha kukuponza. Mnaita hiyo haki?

Baada ya hapo ukoo ukapatana na jimbo la Prussia, ukapewa mamilioni ya marki na ardhi, na mrithi akaruhusiwa kuendelea kuishi Cecilienhof. Alishukuruje? 1932 alitangaza hadharani kwamba anampigia kura Hitler. Machi 21, 1933 alikuwepo Potsdam akiwa na sare yake, siku ambayo Hitler alitafuta baraka za enzi ya kale.

Mwaka 1945 Wasovieti wakazitwaa mali za upande wa mashariki. Ujerumani ilipoungana, familia ikarudi kudai tena. Sheria ya 1994 inatoa fidia, isipokuwa kwa aliyewasaidia Wanazi kwa kiasi kikubwa. Ndiyo wakaanza kubishana na wanahistoria kuhusu babu yao, yule yule mrithi, na wengine wakashtakiwa kwa walichokiandika au kukisema! Kesi za fidia familia ilikuja kuziondoa 2023 tu, kisha 2025 yakatangazwa makubaliano juu ya maelfu ya vitu vya sanaa, vingi vibaki makumbusho chini ya taasisi ambayo familia nayo ina sauti ndani yake.

Na sisi Watanzania? Vita ya Maji Maji ilipiganwa kwa jina la Kaizari huyu. Mashamba na maghala yalichomwa makusudi ili njaa imalize kilichobakishwa na risasi. Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni, alinyongwa 1906, na wazao wake hadi leo wanaulizia kichwa chake. Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea Novemba 2023 akaomba radhi, na kuomba radhi ni jambo la kiungwana, sibishi. Lakini wazao wa Nduna hawana sheria ya 1994, hawana mawakili wa kukaa mezani na serikali miongo mitatu wakihesabiana vyombo.

Kwa hiyo nyie mnaoandika "waachiwe mali yao", jibuni hili moja bila kuzunguka: mrithi wa Kaizari alistahili kusikilizwa kwa kipi ambacho mjane wa 1923 na wazao wa Nduna Songea hawana?