Kuhamisha WordPress kutoka XAMPP hadi hosti ya kulipia bila kukata barua pepe

mpakiaji_mpya

Habari wakuu. Tovuti ya WordPress imejengwa kwenye XAMPP (seva ya majaribio kwenye kompyuta yangu) ndani ya Windows, anwani yake ni http://localhost/duka. Folda nzima ni GB 1.4, na hifadhidata ikitolewa inakuwa faili la SQL la MB 86. Hosti imeshalipiwa: ni seva ya kushirikiana, ina cPanel (paneli ya kuisimamia kwenye kivinjari), na SSH (njia ya kuingia seva kwa amri) imewashwa. Domeni imesajiliwa kampuni nyingine, na kwa sasa inafungua tovuti ya zamani ya HTML iliyoko kwenye seva tofauti. Barua pepe zote za ofisi zinapita kwenye domeni hiyohiyo, zikikatika ni balaa.

Maswali ni haya. phpMyAdmin ya hosti (zana yao ya hifadhidata) inakataa faili langu, inasema mwisho ni MB 50, nifanyeje? Kubadili localhost/duka kuwa domeni halisi, je, inatosha kufungua lile faili la SQL kwenye Notepad++ na kufanya tafuta-na-badilisha? Na domeni naielekeza lini, mwanzoni au mwishoni?

bawabu_wa_seva

Naanza na Notepad++ kwa sababu hapo ndipo wengi huharibu. Usifanye hivyo. WordPress na plagini zake huhifadhi mipangilio mingi ikiwa na idadi ya herufi mbele yake, namna hii:

s:21:"http://localhost/duka"

Hiyo 21 ni urefu wa anwani. Ukibadilisha maandishi peke yake unabaki na s:21:"https://example.com" wakati anwani mpya ina herufi 19. PHP ikisoma inaona hesabu haikubaliani na inatupa kipande kizima, si mstari huo tu. Hutaona kosa lolote kwenye skrini. Utakuta wijeti zimepotea, rangi za themu zimerudi za mwanzo, menyu iko tupu, nawe unabaki kuilaumu hosti bure.

Pandisha hifadhidata kama ilivyo, kisha badilisha ukiwa ndani ya seva kwa WP-CLI (zana ya amri za WordPress), ambayo inahesabu upya urefu. Hosti nyingi zenye SSH wanayo tayari. Andika wp --info uone. Ingia folda ya public_html, jaribu kwanza bila kuandika chochote:

wp search-replace 'http://localhost/duka' 'https://example.com' --dry-run

Ukiridhika na hesabu inayotoka, rudia bila --dry-run. Kama kurasa zimejengwa kwa plagini ya kuburuta na kuweka, kuna anwani zilizohifadhiwa kwa mtindo wa JSON, mikwaju ikiwa imetanguliwa na mkwaju wa nyuma. Amri ya kwanza haizigusi, kwa hiyo unaongeza ya pili:

wp search-replace 'http:\/\/localhost\/duka' 'https:\/\/example.com' --dry-run

MB 86 si tatizo ukiwa na SSH. Pakia faili kwenye folda ya nyumbani (nje ya public_html, tafadhali), halafu:

mysql -u akaunti_duka -p akaunti_duka < ~/duka.sql

Kama SSH ingekuwa haipo, ungelibana kwa gzip. phpMyAdmin inapokea .sql.gz, na SQL ni maandishi matupu, hivyo hubanika sana. Shida ni kwamba kikomo cha muda kinaweza kukata kazi katikati ukabaki na nusu ya majedwali.

Kabla ya amri hiyo, cPanel inataka hatua tatu, nayo ya tatu husahaulika: unda hifadhidata, unda mtumiaji, kisha muunganishe mtumiaji na hifadhidata na umpe haki zote. Majina yote mawili hutanguliwa na jina la akaunti yako, ndiyo maana hapo juu ni akaunti_duka, si duka. Hayo ndiyo unayoandika kwenye wp-config.php badala ya root isiyo na nywila ya XAMPP. DB_HOST mara nyingi hubaki localhost. Angalia pia $table_prefix ilingane na majedwali yenyewe. Isipolingana WordPress itakufungulia ukurasa wa kusakinisha upya kana kwamba hakuna kitu. Na nywila isiwe na alama ya ' ndani yake, inavunja mstari wa PHP.

Mafaili yapakie kama zip moja kisha uyafungulie ndani ya File Manager. Kupandisha maelfu ya vifaili kwa FTP ni kujitesa: kila kimoja kinafunguliwa na kufungwa peke yake, na mtandao ukikatika unabaki na mafaili ya baiti 0 yasiyoonekana hadi ukurasa fulani ufe. Zipu uitengeneze ukiwa ndani ya folda ya duka. Ukiibana folda yenyewe kutoka nje, tovuti itaangukia public_html/duka.

mgeni_wa_phpMyAdmin

Nyongeza fupi: mafunzo mengi yanasema uweke --skip-columns=guid kwenye search-replace. Kanuni hiyo ni ya tovuti iliyokwisha kuwa hewani, maana visoma milisho hutambua makala kwa guid (kitambulisho cha kila makala), na ikibadilika makala za zamani zinaonekana mpya. Yako haijawahi kutoka localhost, kwa hiyo acha guid ibadilike. Bawabu yuko sahihi kutoiweka.

Na toleo la PHP: chagua kwenye cPanel lile lile la XAMPP kwanza. Kupandisha toleo ni kazi ya siku nyingine. Ukihama na kupandisha PHP kwa pamoja, tovuti ikileta ukurasa mweupe hutajua mkosaji ni nani.

nukta_tatu

Domeni ni mwisho kabisa. Na usiguse seva za majina (nameservers, zinazotunza rekodi zote za domeni). Badilisha rekodi ya A tu, ile inayotaja IP ya seva ya tovuti.

Sababu ni hizo barua pepe. Ukibadili seva za majina, rekodi zote za domeni zinaanza kusomwa kutoka hosti mpya, ambayo haijui lolote kuhusu rekodi zenu za barua: MX, SPF wala DKIM. Barua zitaanza kuingia kwenye sanduku tupu la hosti mpya, au zitarudishwa. Na kujirudi si haraka: kwa .com, taarifa ya seva za majina hukaa kwenye kashe hadi sekunde 172800, yaani siku mbili.

Mpangilio ninaoupendekeza:

Tazama TTL ya rekodi ya A iliyopo (sekunde ambazo rekodi hukaa kwenye kashe). Ikiwa ni 14400, ishushe iwe 300 na usubiri saa nne zipite ili kashe za zamani ziishe. Wakati huo jaribu tovuti mpya bila mtu mwingine kuiona: fungua C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts kwa haki za msimamizi, ongeza mstari wenye IP ya seva mpya, mfano

203.0.113.10 example.com www.example.com

Kompyuta yako peke yake ndiyo itakayoenda seva mpya. Kivinjari kitalalamika kuhusu cheti cha HTTPS. Hilo ni la kawaida kwa sasa, kwa sababu Let's Encrypt, mtoa vyeti vya bure, kwa njia yake ya HTTP hutembelea domeni yenyewe, na domeni bado iko kwingine. Ukishabadilisha A, washa AutoSSL (inayoweka cheti) kwenye cPanel, usingoje izinduke yenyewe.

Mitego miwili ya barua. Soma rekodi ya MX inataja jina gani. Ikitaja mail.example.com, hakikisha hiyo ina A yake inayobaki kwenye IP ya zamani. Ikitaja example.com yenyewe, ukibadilisha A umehamisha na barua. Tengeneza kwanza jina jingine la seva ya barua. Mtego wa pili uko cPanel, sehemu ya Email Routing: weka Remote Mail Exchanger. Usipoweka, fomu ya mawasiliano ikituma kwa anwani ya domeni yenu, seva mpya itadhani barua ni za kwake, itazizika humo humo, na hakuna atakayepata taarifa ya kosa.

mpakiaji_mpya

Asanteni sana wakuu. Nimejaribu kwa hosts. Ukurasa wa mwanzo unafunguka vizuri, ila kurasa nyingine zote ni 404 (ukurasa haupatikani). Na picha kama tano za themu hazionekani, ingawa kwenye XAMPP zinaonekana. Ruhusa za mafaili niweke 777?

bawabu_wa_seva

Usiweke 777. Kwenye seva nyingi za kushirikiana, PHP hukataa kuendesha faili ambalo kila mtu anaweza kuliandika, unapata kosa la 500 juu ya shida uliyo nayo. Folda 755, mafaili 644, wp-config.php 600.

Hizo 404 zinatokana na .htaccess uliyokuja nayo, faili la mipangilio ya Apache (programu ya seva ya wavuti). Jina lake linaanza na nukta, kwa hiyo washa kuonyesha mafaili yaliyofichwa kwenye File Manager, ulifungue. Utakuta RewriteBase /duka/ na chini yake /duka/index.php. Apache inatafuta folda isiyokuwepo. Ingia dashibodi, nenda Permalinks, bonyeza kuhifadhi bila kubadili chochote. WordPress italiandika upya.

Picha: Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo, Linux inatofautisha. Themu inaita nembo.jpg, faili linaitwa Nembo.JPG. Bonyeza F12, angalia kichupo cha Network ujue ni zipi zenye 404, kisha linganisha na ls ya folda hiyo. Rekebisha jina la faili, si msimbo, kama themu inapokea masasisho.

nukta_tatu

Ukishabadili A na kila kitu kikatulia, futa ule mstari wa hosts, la sivyo siku hosti akibadilisha IP utakuwa wewe peke yako unayeona tovuti imekufa. Rudisha TTL iwe 3600. Halafu tafuta duka.sql na ile zip: kama kimojawapo kilibaki ndani ya public_html, yeyote anayebahatisha jina anaweza kukipakua, pamoja na nywila zilizomo kwenye wp-config.

mpakiaji_mpya

Zip ilikuwa humo. Nimeifuta, na nywila ya hifadhidata nimeibadilisha.